Damu Iliyohama

Mkuu wa Upelelezi alikuwa na mazoea ya kufunga kesi kwa kulipiga jalada kofi. Asubuhi ile jalada la fundi wa baiskeli lilipigwa makofi mawili, kisha likasukumwa kuvuka meza hadi kwa Inspekta.

"Hii imeiva," alisema. "Leo ipelekwe mahakamani."

"Bado, afande."

"Bado nini? Binti yuko timu ya taifa ya baiskeli. Damu yake imepimwa, imekutwa juu ya kiwango kinachoruhusiwa, amefungiwa. Baba yake ndiye fundi wa timu hiyohiyo. Sanduku lake la spana limefunguliwa, ndani imo chupa ya dawa ya kuongeza damu. Unataka mtuhumiwa akuletee na risiti?"

Inspekta alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na wenzake walimwita Kupe asipokuwepo, kwa kuwa akishajishika mahali habanduki mpaka ashibe. Alilijua jina hilo na halikumkera.

"Kila spana ndani ya lile sanduku ina alama za vidole vya fundi," alisema. "Sanduku lenyewe, nje ndani, ni grisi tupu. Chupa peke yake ndiyo safi, kama sahani ya mgeni."

"Aliifuta."

"Akaifuta vizuri, halafu akairudisha kwenye sanduku lenye jina lake?"

Mkuu alikuna kidevu. Hakupenda swali lile, akalikwepa kwa kuchomoa karatasi nyingine. "Na hii je? Meneja wa timu ametuletea vipimo vya miaka minne, hata hakuombwa mara mbili. Damu ya waendeshaji wote wanane, kila mwezi. Wastani wa timu umesogea kiduchu tu. Maana yake timu ni safi, mchafu ni mmoja."

"Hapo ndipo panaponiwasha, afande. Binti damu yake imepanda kama moshi. Timu ni ndogo. Mmoja akipanda namna ile na wastani ukabaki karibu palepale, basi yuko mwingine aliyeshuka. Nani huyo, na kwa nini ameshuka?"

Mkuu alitazama saa ya ukutani. Nje, askari wa zamu alikuwa akimfokea mtu aliyeegesha pikipiki mlangoni.

"Timu inaondoka saa kumi alasiri kwenda mashindanoni," Mkuu alisema hatimaye. "Basi likiwashwa kabla hujaniletea kitu, jalada linakwenda lilivyo. Na yule fundi anakwenda nalo."

Kabla ya kutoka, Inspekta alipita mahabusu. Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono mikubwa imelala magotini. Hakuuliza habari za kesi.

"Mwanangu amekula?" aliuliza.

"Yuko kwa shangazi yake. Sijui kama amekula."

"Basi hajala," alisema fundi, akageuza uso.

*

Dada wa mume wa Inspekta alikuwa mtakwimu katika taasisi ya afya. Kazi yake ilikuwa kufuatilia watoto tangu wanapozaliwa mpaka wanapoota ndevu: uzito, urefu, maradhi, mwaka baada ya mwaka, watoto walewale. Ofisi yake ilikuwa na dirisha lisilofungika na viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kubebea mafaili. Inspekta aliyahamishia mafaili sakafuni.

"Kaka yangu alinidanganya," wifi alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Alisema anaoa. Kumbe alikuwa anatuandikisha ukoo mzima jeshi la polisi."

"Ndugu wa mume hawana likizo, wifi. Umeona nini?"

"Nimeona kwamba huniamini. Umenipa vipimo vya watu wanane, majina umefuta, umeweka herufi."

"Ningekupa majina ungemtafuta mwenye makosa. Nilitaka umtafute mwenye kasoro."

Wifi alicheka, akaigeuza kompyuta ili waione wote wawili. Kwenye kioo kulikuwa na mistari minane ya rangi, kila mmoja ukitoka kushoto kwenda kulia.

"Mliletewa wastani," alisema. "Wastani ni kitu kizuri, ila haujui nani ni nani. Wewe ni mwembamba, kaka yangu ni gunia. Mkibadilishana majina leo, wastani wa uzito wa nyumba yenu hautatikisika. Ila mimi niliyewapima miaka yote, nikiona kaka amekuwa mwembamba kwa usiku mmoja na wewe umekuwa gunia usiku huohuo, nitauliza kulikoni. Kwa hiyo hapa simlinganishi mtu na jirani yake. Namlinganisha na yeye mwenyewe wa jana na juzi."

"Huu ni wingi wa damu?"

"Hapana. Wingi wa damu unapanda na kushuka, mtu akiugua, akifanya mazoezi milimani, akidungwa dawa. Niliuacha kwanza. Maabara ilipima pia ukubwa wa chembe nyekundu za damu, na hakuna aliyeutazama maana haumo kwenye sheria za mchezo. Huu ndio huo." Alipitisha kidole juu ya mistari. "Unaona ilivyonyooka? Watu wanatofautiana, huyu juu, yule chini. Lakini mtu na nafsi yake hatofautiani, labda kutetemeka kidogo tu. Kila mmoja ana ngazi yake na anakaa hapo."

Mistari sita ilikwenda vile alivyosema, kama njia zilizozoeana. Miwili haikwenda. Wa kijani ulikuwa chini kabisa, peke yake, mbali na wenzake. Wa zambarau ulikuwa katikati. Ilipofika karibu na mwisho wa mwaka uliopita, wa kijani uliruka juu na wa zambarau ukadondoka chini. Kila mmoja ulitua palepale mwenzake alipotoka, ukaendelea kunyooka, kwa kutazama haraka, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Inspekta alisogeza kiti mbele. "Inaweza kutokea yenyewe? Maradhi, chakula?"

"Mmoja akiugua, mstari wake unatembea polepole. Lakini wawili, mwezi mmoja, kila mmoja atumbukie kwenye nyayo za mwenzake? Nimeiambia mashine ibahatishe. Ichukue mitetemo ya kawaida ya watu hawa na kuichanganya upya, maelfu ya mara. Haikuleta kitu kama hiki hata mara moja. Kisha nikaipa ruhusa ya kubadilisha majina ya watu wawili wowote, itafute mistari inyooke vizuri zaidi kwa jozi ipi. Kila safari ikawachagua hawahawa."

"Kwa hiyo damu ilihama."

"Damu haihami, wifi. Lebo ndizo zinazohama."

Inspekta alitoa kipande cha karatasi mfukoni, akasoma herufi mbili. Mstari wa kijani ulikuwa wa binti wa fundi, msichana ambaye timu nzima ilimwita Chiriku. Wa zambarau ulikuwa wa bingwa wa taifa, ambaye magazeti yalimwita Malkia.

"Sasa nirudishie majina mahali pake," alisema, "halafu unioneshe wingi wa damu."

Wifi alibonyeza. Mstari wa Chiriku ulilala chini, tambarare, toka mwanzo hadi mwisho. Wa Malkia ulipanda ngazi moja baada ya nyingine, mpaka mwezi uliopita ukavuka mstari mwekundu wa sheria.

"Huyu wa chini," wifi alisema, "nadhani amezaliwa na chembe ndogo. Ni jambo la kurithi, si ugonjwa wa kumlaza mtu, ila damu haiwi nyingi kamwe. Anaendesha baiskeli kweli?"

"Wa tatu nchini."

"Na damu hiyo?" Wifi alitikisa kichwa. "Basi ana moyo wa punda. Na kama ni kurithi, mmoja wa wazazi atakuwa nazo."

"Mama ameshafariki. Baba ninaye, nimemfungia mlango mwenyewe." Inspekta alisimama, kisha akainama tena. "Hapa ni nini?"

Kwenye mchoro wa kwanza, katikati ya ile miezi ya udanganyifu, kulikuwa na mwezi mmoja ambapo mistari miwili ilirudi kila mmoja kwake, kisha mwezi uliofuata ikabadilishana tena.

"Hilo nilitaka kukuuliza wewe," wifi alisema. "Mwezi huo damu zote mbili zililala nyumbani kwao. Mbadilishaji hakuja kazini."

*

Kambi ya timu ilikuwa majengo mawili marefu nyuma ya uwanja, na uani basi la rangi ya bluu lilikuwa limefunguliwa tumbo likimeza mizigo. Inspekta alifika na muuguzi kutoka hospitali kubwa. Nyuma yao alikuja Chiriku, mwembamba, miwani ya jua usoni, akisukuma baiskeli yake kwa sababu alikuwa amekataa kuiacha kwa shangazi. Wenzake walimwona, wakajifanya wanafunga mikoba.

Inspekta alianza na daktari wa timu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi kwa bidii. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa damu kila mwezi, na njia nzima Inspekta alikuwa akimfikiria yeye. Alimtajia mwezi ambao mistari ilirudi.

"Mwezi huo ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilitoa damu mwenyewe."

"Kuna miezi hukuwepo?"

"Mwaka huu mara mbili. Mwezi wa pili nilipata mtoto, mwezi wa tano nilikuwa kozi. Alikuja muuguzi wa kukodi."

Inspekta aliutazama mchoro aliopewa na wifi. Mwezi wa pili na wa tano mistari ilikuwa imebadilishana kama kawaida. Alipokuwepo, damu ilirudi kwao. Alipokuwa mbali, ilihama. Kamba aliyotaka kumfungia daktari ilikatika hapohapo mkononi, naye hakuihuzunikia.

"Ukishatoa damu, unabandika lebo?"

"Hapana. Naweka chupa kwenye kibao, kila moja kwenye tundu la mwendeshaji wake. Lebo anabandika Meneja, kisha anampa mtu wa pikipiki. Ni utaratibu wake, anasema daktari atoe damu tu, karatasi ni zake." Alisita. "Ila mwezi huo unaosema nilibandika mimi. Meneja alipasuliwa kidole tumbo. Alilazwa wiki nzima."

"Umemwambia mtu habari hii?"

"Nani angeniuliza habari za kidole tumbo?"

Inspekta alimwomba akae chumbani na asimpigie mtu simu. Kisha alimketisha muuguzi kwenye chumba cha matibabu, akaagiza waletwe wasichana wawili tu. Chupa zilitiwa lebo mbele ya macho yake, akatia sahihi juu ya kila lebo kwa wino, nusu ya sahihi kwenye lebo na nusu kwenye kioo. Chupa ya tatu ilikuwa imeshatolewa mahabusu kabla hawajaondoka, kwa ridhaa ya fundi, aliyenyoosha mkono bila kuuliza sababu. Askari alizichukua zote tatu kuzikimbiza hospitali.

Malkia alipokunja mkono wa jezi kwa ajili ya sindano, muuguzi aliutazama mkono ule, kisha akamtazama Inspekta. Ndani ya kiwiko kulikuwa na vidoa vya sindano, vipya na vya zamani, vimepangana.

"Daktari anatoa damu mara moja kwa mwezi," Inspekta alisema. "Hivi vingine vya nani?"

Msichana alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kutangulia. Aliishusha sauti. "Vitamini."

"Nani anakupa?"

"Meneja. Alisema ni vitamini, kila anayeshinda anatumia."

"Ukaamini kwa muda gani?"

Malkia alitazama mlango. Huko nje Chiriku alikuwa amekaa kwenye benchi, pamba imebanwa kiwikoni. "Muda mfupi," alisema. "Baadaye niliacha kuuliza. Alipokamatwa mzee wa watu sikulala. Meneja akaniambia nikifungua mdomo tutazama sote, na nchi nzima itanitemea mate."

"Unajua damu yako aliiandika jina la nani?"

"Sasa najua." Alifuta uso kwa kiganja. "Nitasema. Nisimamishe mbele yake, nitasema."

Simu ya hospitali ilikuja mchana ukianza kupoa. Chembe za Chiriku zilikuwa ndogo, palepale kwenye ngazi yake ya miaka yote. Za fundi vilevile, ndogo kama za bintiye. Za Malkia zilikuwa za kawaida, na damu yake ilikuwa nzito kupita kiasi. Inspekta alimpigia Mkuu, akamsomea matokeo neno kwa neno.

"Rudia hiyo ya baba," Mkuu alisema.

Alirudia.

"Nakuja," alisema Mkuu, akakata.

*

Meneja alikuwa mlangoni mwa basi, mtanashati, kofia ya timu imekaa upande, akimpigapiga kila anayepanda begani. Alipomwona Inspekta alitabasamu kwa meno yote.

"Inspekta, mama yangu, umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kukushukuru kwa vipimo. Vimenisaidia sana. Kuna wakubwa wananiuliza kama vinaaminika, nikasema nimuulize mwenyewe."

"Viaminike vipi tena? Tangu nimeingia timu hii, hakuna chupa ya damu iliyotoka hapa bila kupita mkononi mwangu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Waambie hao wakubwa kichwa changu ndicho dhamana."

"Na ile ya mwezi uliolazwa?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka. "Ah, ile. Kidole tumbo, ndiyo. Nilisahau. Daktari alinishikia."

"Mwezi ule, Meneja, damu ya kila mtu ilikwenda kwa jina lake. Miezi mingine yote tangu mwaka jana, damu ya Malkia imeandikwa Chiriku na ya Chiriku imeandikwa Malkia. Ulipolala hospitali, uongo nao ulilala."

"Hizo ni hesabu. Hesabu haziwezi kuniona nikibandika lebo."

"Haziwezi. Ila leo nimetoa damu upya mbele ya macho yangu, na imekubaliana na hesabu." Inspekta aliongea kwa sauti ileile ya upole. "Ulichagua msichana ambaye damu yake iko chini siku zote, ili bingwa wako aonekane msafi kuliko wote. Ulipozidisha dozi mwezi uliopita, jina lililovuka mstari likawa la mtoto wa fundi. Chupa ya dawa ikapelekwa sandukuni kwa baba, ikiwa imefutwa. Umefuta kupita kiasi. Fundi hajawahi kushika kitu kikabaki safi namna ile."

Meneja aligeuka kuwatazama waendeshaji, kama mtu anayetafuta shahidi. Kocha alikuwa amesimama na begi mkononi, halishushi wala halipandishi. Malkia alitoka nyuma ya basi, akaja akasimama kando ya Inspekta.

"Alinidunga yeye," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Chumbani kwake, kila wiki. Na mimi nilinyamaza."

"Wewe," Meneja alisema, "mimi ndiye niliyekutengeneza."

Magari mawili ya polisi yalikuwa yameingia uani, na Mkuu wa Upelelezi alishuka mwenyewe, pingu mkononi. Alizifunga kwa utaratibu, akamsomea Meneja haki zake bila kuruka neno, akamkabidhi kwa askari. Malkia aliingia gari la pili kwa miguu yake kutoa maelezo. Kisha Mkuu akamgeukia Inspekta.

"Hayo mambo ya mistari ulifundishwa na nani?"

"Ndugu wa mume, afande."

"Mimi wa kwangu huja kukopa tu," alisema Mkuu.

Kocha alikuwa ameshampigia simu mwenyekiti wa chama, akizungukazunguka uani na mkono kichwani. Aliporudi alimwendea Chiriku pale kwenye benchi.

"Adhabu yako imefutwa," alisema. "Nafasi yako iko wazi. Samahani, mwanangu. Nilipaswa kuuliza, na sikuuliza."

Chiriku alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara. "Nani anakwenda nasi kama fundi?"

Kocha alitazama basi, akatazama mizigo. Baiskeli saba, milima mitatu, na fundi wa timu alikuwa mahabusu.

*

Basi la bluu lilisimama nje ya kituo cha polisi huku injini ikinguruma, watu wa mtaani wakasogea kuona ni nani amekamatwa safari hii. Walichokiona ni fundi akitoka mlangoni, mshipi wake mkononi kama alivyorudishiwa, akifinya macho kwa jua. Binti yake alikuwa ameshuka na baiskeli.

"Wamekuachia, baba."

"Nimeona." Aliuvaa mshipi taratibu, kisha akashika kichwa cha bintiye kwa viganja vyote viwili, akakiweka kifuani, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Waendeshaji madirishani walianza kupiga makofi. Mmoja alianza, wakafuata wote, na watu wa mtaani wasiojua habari yoyote wakapiga pia.

Fundi alipomwachia, jicho lake lilikuwa limeshaangukia gurudumu la nyuma. Alilizungusha kwa kidole.

"Hili linacheza."

"Nililigonga kwenye ukingo, nikija."

"Huwezi kupanda mlima na hili."

"Tutalinyoosha huko huko, mzee," Kocha alisema kutoka mlangoni mwa basi. "Tumechelewa."

Fundi hakumsikia, au hakutaka. Sanduku lake la spana lilikuwa limetolewa stoo ya vielelezo na kuwekwa ngazini. Alichuchumaa, akachagua ufunguo mdogo wa spoku, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumshikia baiskeli. Mkuu wa Upelelezi ndiye aliyekuwa karibu. Alivua kofia, akaikabidhi kwa Inspekta, akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine.

"Inua kidogo," fundi alisema. "Hapo. Usitingishike."

Mkuu aliinua na hakutingishika. Gurudumu lilizunguka, fundi akakaza huku, akalegeza kule, akalizungusha tena. Kocha alinyoosha mkono akazima injini ya basi, na hakuna mtu aliyemharakisha fundi mpaka lilipozunguka limenyooka.